Bibi wa vikapu kuandikwa "ancient", hii haikubaliki!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Natembeza wageni hapa Iringa. Kuna duka moja la vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, sitalitaja, ambalo watalii wanaoelekea Ruaha hulipitia. Mlangoni hukaa bibi mmoja, umri umeshapita miaka 80, anasuka huku wageni wanamtazama. Wiki iliyopita mwenye duka akabandika kipande cha manila ukutani, juu kidogo ya kichwa cha bibi, kwa kalamu nene nyekundu: "Ancient Hehe woman". Mgeni wangu akasoma, akaangua kicheko, akapiga picha. Picha ya manila, siyo ya kikapu.

"Ancient" ni ya kale. Ni neno la piramidi za Misri, la Roma ya akina Kaisari. Huku kwetu linafaa Isimila, kwenye zile zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi. Hata Boma la Mjerumani pale mjini, lenye karne moja na ushee, "old" inalitosha. Mtu hai ukimwita "ancient" unamkejeli.

Nikamfuata mwenye duka. Jibu lake: "Kamusi inasema ni -a zamani sana, kwani yeye si wa zamani?" Kamusi! Mbona kwa Kiswahili hakosei? Nguo anaiita kuukuu, gari chakavu, jengo kongwe, wali uliolala kiporo. Nani amewahi kumsikia akisema "mama yangu kuukuu"? Kiingereza nacho kina mipaka yake. Mkate wa juzi ni "stale". Mzee wa watu ni "elderly", ingawa mimi ningeacha kabisa habari za umri, nikaandika jina lake na kazi yake.

Na vikapu navyo kaviandika eti "antique", yaani vitu vya kale vyenye thamani! Vimesukwa mwezi huu, milulu bado inanukia majani. Forodha ya Marekani haikitambui kitu kuwa "antique" mpaka kipite miaka 100. Huo ni uongo wa mchana kweupe, na utawaharibia soko wasusi wote.

Lakini kilichoniuma ni bibi mwenyewe. Alinishika mkono: "Mjukuu wangu, mgeni anacheka nini? Hapo juu wameandikaje?"

Nikamwambia wameandika kwamba yeye ni fundi.

Nimeomba mara mbili ile manila itolewe. Leo asubuhi nimepita, bado ipo.