Nimeokoka kitambo lakini naona sikui kiroho, wapendwa nisaidieni

binti_wa_kwaya:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi niko Malindi, Muyeye, nimeokoka tangu niko sekondari, niko kwaya, kesha sikosi, mfungo wa mwaka mpya nafunga na wenzangu, lakini hasira ni ileile, mtu akinisema kidogo nanuna wiki nzima. Nikiuliza naambiwa ongeza maombi. Sasa kukua kiroho ni nini haswa na mtu ajuaje kama anakua? Kuhama kanisa sitaki, nalipenda.

mama_maweni:
Amen mwanangu. Kesha na kwaya usiache ila hivyo sio kipimo. Wale Wakorintho walikuwa na karama zote, kunena kwa lugha, unabii, na bado Paulo akawaambia ni wachanga kwa sababu ya wivu na fitina, soma 1 Wakorintho 3. Kipimo ni Wagalatia 5:22-23, uvumilivu, upole, kiasi, na hivyo huonekana nyumbani na sokoni kabla ya madhabahuni. Kanisani kwetu kuna mama muuza viazi karai, mwenzake alimkopa pesa ya karo asilipe, wakawa hata salamu hakuna. Jumapili ya meza ya Bwana huyu anayedai ndo alitoka akamfuata mwenzake pale nje kwenye ndoo ya kunawa, akamshika mkono, wakaongea mpaka ibada ikaanza bila wao. Deni bado liko. Mama huyo maiki hajawahi kushika lakini mimi namwita mtu mzima.

mwana_gede:
Mama amesema kweli, ila sisi wa huku hatuwezi kuongelea kukua kiroho tukaruka Shakahola. Ni hapahapa Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ndo wamwone Yesu, na watoto wakiwemo, mimi hilo haliniishi moyoni. Kwa hiyo dada ukiambiwa tu ongeza kufunga, uliza pia nafundishwa nini. Waebrania 5:14 inasema watu wazima ni wale waliozoeza akili kupambanua mema na mabaya, yaani ni mazoezi, haishuki siku moja. Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe na bado walirudi kuchunguza maandiko kila siku, Matendo 17:11. Mchungaji akitaja mstari, wewe ukifika nyumbani soma sura nzima.

binti_wa_kwaya:
Asanteni sana. Lakini huku ukiuliza sana waonekana umeasi.

shemasi_kijana:
Ndo maana usisome peke yako dada. Tafuta wenzako wanne watano, chukueni Waefeso, ni sura 6 tu, kila wiki sura moja, isomwe kwa sauti mara mbili halafu muulizane kwanza Paulo alikuwa anawaambia nini wale watu wa Efeso, kabla ya kila mtu kusema mimi Mungu ameniambia hivi. Mwisho muombeane kwa majina, na hiyo hasira itaje hapo, manake ukishaitaja kuna mtu atakuuliza wiki ijayo imefika wapi. Sura ya 4 yenyewe yasema mwili wote hukua pamoja, kiungo kwa kiungo. Na mchungaji mwambie mapema, mwalike, msifanye kichinichini.

binti_wa_kwaya:
Nimemwandikia mchungaji meseji, amefurahi kweli, atakuja kutufungulia Alhamisi jioni. Kama kuna mtu yuko Muyeye au Barani anataka kujiunga aniambie, mkeka upo na Biblia za ziada zipo.