Nukta ya rejea kwa ramani ya kudidimia ardhi Mombasa: niiweke wapi?

Kibokoni_Data
Asalaam aleikum wadau. Nina picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1 zinazofunika Mombasa nzima, nazichakata kwa programu ya MintPy nione kama ardhi inadidimia, hasa zile sehemu za bandari zilizojazwa udongo upande wa Kipevu. Nikiiacha programu ijichagulie nukta ya rejea (pale panapohesabiwa kuwa hapasogei), inaangukia Miritini na kisiwa kizima kinaonekana kinashuka. Nikiihamishia Mji wa Kale, kisiwa kinatulia, halafu Changamwe na Miritini ndizo zinazopanda. Data ni ile ile! Msimamizi wangu anataka ramani moja tu ndani ya tasnifu. Nilikuwa nawazia nukta niiweke Fort Jesus, maana imesimama pale tangu 1596 na haijaenda popote.

MpimaArdhi
"Haijaenda popote" umenichekesha. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, hilo kweli, lakini ukingo wake wa baharini umeliwa na mawimbi mpaka ikabidi ujengwe ukuta wa kuukinga. Tena kuta ndefu kando ya maji humrudishia rada mwangwi uliorukaruka. Sogea ndani ya mji.

MaalimRada
Waaleikum salaam. Kwanza tulia, ramani zako mbili hazigombani. Rada haikwambii pikseli fulani imeshuka kiasi gani, inakupa tofauti ya fezi (wimbi la rada limefika wapi katika mzunguko wake) kati ya pikseli hiyo na nyingine. Ni kama nahodha anayepima mwendo wa jahazi jirani akiwa juu ya jahazi lake mwenyewe. Nukta ya rejea ni pale ulipoamua kupaita sifuri. Ukiihamisha, mfululizo wa nukta mpya unatolewa kwenye kila pikseli, tarehe kwa tarehe. Chukua kasi ya Kipevu, toa kasi ya Mji wa Kale, fanya hivyo kwenye ramani zote mbili: jibu litakuwa moja.

Shida iko kwenye kelele, yaani makosa ya kipimo. Kelele yoyote iliyo kwenye nukta ya rejea inaingia katika kila pikseli ya ramani. Na MintPy, usipoiambia kitu, inaokota pikseli yoyote kati ya zile zenye wastani wa koherensi wa 0.85 au zaidi. Koherensi kubwa maana yake uso wa pale haubadiliki mbele ya rada. Haina maana kwamba hapashuki! Gati la saruji laweza kuzama polepole miaka nenda miaka rudi na koherensi yake iking'aa vile vile. Miritini kuna saruji na mabati tele, ndiyo maana programu imepapenda. Lakini chini yake ni miamba ya tope ya zama za Jurasiki, na udongo wa mfinyanzi unaotokana na miamba ya aina hiyo mara nyingi huvimba masika na kusinyaa kiangazi.

Ningekuwa wewe, ningeweka rejea katikati ya kisiwa, kwenye majengo ya zamani yaliyo juu ya matumbawe, na ningechukua wastani wa kundi la pikseli badala ya moja. Usiende Shimba Hills kutafuta mwamba. Kule ni mita 400 hivi juu ya bahari, mvuke wa hewa si ule wa bandarini, na tofauti hiyo itajifanya ni mwendo wa ardhi.

BintiLikoni
Maalim, kwa heshima zote, umesahau maji. Kipevu iko bara, wewe unamwambia rejea iwe kisiwani. Maji hayana koherensi, kwa hiyo kukunjua fezi (kuhesabu mizunguko mizima ambayo rada haionyeshi) kutoka kisiwani hadi Changamwe kunategemea kale kanjia kembamba ka Makupa. Pakikatika pale, upande mmoja unaruka mzunguko mzima. Urefu wa wimbi la Sentinel-1 ni kama sentimita 5.6, na kwa kuwa wimbi linakwenda na kurudi, mzunguko mmoja ni mwendo wa sentimita 2.8. Ruka mara chache katika intaferogramu zako (picha za tofauti ya fezi kati ya tarehe mbili) na tayari una "bara inapanda".

Kibokoni, kabla ya kuhangaika na rejea, jumlisha fezi za intaferogramu tatu tatu zinazofunga duara; jumla inatakiwa iwe karibu na sifuri. Zikiacha mzunguko mzima upande mmoja tu wa maji, umeshampata mchawi.

MaalimRada
Umenena, binti. Hilo linakuja kabla ya langu.

Kibokoni_Data
Nimejaribu. Rejea ikiwa kisiwani, duara za kisiwani zinafunga safi. Changamwe kuna tarehe kadhaa haziendi sawa, na masalio ni mzunguko kamili. Nifanyeje sasa, nizitupe?

BintiLikoni
Usitupe bado. Washa marekebisho ya daraja, mintpy.unwrapError.method = bridging. Yanaunganisha visiwa vya fezi kwa kudhani tofauti ng'ambo na ng'ambo haizidi nusu mzunguko. Kwa mkondo mwembamba kama wetu dhana hiyo inavumilika. Zisizofunga baada ya hapo ndizo za kutupa.

Pweza_wa_Mtwapa
Mnazunguka bure. Malindi kuna kituo cha GPS cha mtandao wa kimataifa wa IGS, MAL2. Rejea iwekwe pale, kwisha maneno.

MpimaArdhi
Malindi ni zaidi ya kilomita mia moja. Siku ya kusi hewa ya huko na ya Kilindini hazifanani, na katikati ni minazi na mikoko, koherensi ya kuokoteza. Kwa swali la "bandari inashuka kuliko mji?" huhitaji GPS kabisa. Ila kama tasnifu itagusa kupanda kwa usawa wa bahari, hapo Pweza ana hoja: kipimo cha maji cha Kilindini kinapima bahari dhidi ya ardhi, kwa hiyo utataka kujua ardhi yenyewe inakwenda wapi, na rada peke yake haikwambii.

Kibokoni_Data
Bahari siigusi, namshukuru Mungu. Naendesha upya na daraja, rejea mbili: moja kisiwani, moja bara upande ule ule wa Kipevu.

MpimaArdhi
Vizuri. Zikikubaliana, weka ya kisiwani. Na chini ya ramani andika latitudo na longitudo ya rejea, na kwamba mwendo ni wa kuelekea setilaiti, si wima. Mtahini wa kwanza atauliza hayo mawili.