Naomba ushauri: nimeandika uongo kwenye daftari la nyumba kumi

Shemasi_Goma
Wapendwa, salamu kwenu. Mimi ni shemasi katika kanisa la kipentekoste hapa Goma, na mwaka wa tisa huu nashika daftari la nyumba kumi kwenye avenyu yetu. Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Nani kahamia, nani kajifungua, nani kafiwa ili tupitishe mchango wa matanga. Tangu mji uingie kwa watawala wapya wenye silaha Januari 2025, tumeambiwa tuandike watu upya, na kuna mstari umeongezwa: huyu alikuwa anafanya kazi gani mbele ya hapo.

Kuna mjane mmoja kwenye orodha yangu. Usiku ule wa risasi mtoto wa kaka yake aliingia kwake na gwanda la askari. Asubuhi akatoka na shati la marehemu mume wa shangazi yake, mikono imemzidi mpaka kwenye vidole. Nilipofika na daftari, nilimkuta amekaa juu ya jiwe la volkano anashona kiatu. Kweli alikuwa anashona, ila kiatu chake mwenyewe. Nikaandika "fundi viatu". Nikaweka sahihi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Meza ya Bwana. Ni mimi nabeba sinia la vikombe. Nilipitisha safu zote, mimi sikunywa.

Naomba kujua: nilikosa? Na je, niache hili daftari? Nikiliacha, anayelisubiri namjua, na huyo hataona kiatu wala sindano.

MamaZawadi
Papa shemasi, pole. Lakini kwanza toa hayo ya shati na ya mjane! Hapa wanasoma watu wa kila namna.

Shemasi_Goma
Asante Mama Zawadi. Shati, ukoo na jiwe nilishavibadilisha kabla ya kuandika. Mtu akivitafuta hatavipata.

Mwalimu_Kyeshero
Watakuletea Warumi 13, ile ya kutii wenye mamlaka, kwa hiyo nianze mimi. Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, naenda na koleo langu. Kodi ya soko mke wangu analipa, jetoni, kile kikaratasi cha malipo, anaweka kwenye kitenge. Sioni dhambi hapo, mtaro ukizibuliwa umezibuliwa, awe anatawala nani. Ila Paulo anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema". Watu wanasoma mpaka neno "mtii", wanafunga Biblia.

Soma Kutoka 1. Shifra na Pua, wakunga walioacha watoto wa kiume waishi, waliulizwa swali kama lako, wakamwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania wanajifungua kabla mkunga hajafika. Nani anaamini hayo? Na Mungu akawatendea mema. Rahabu naye alificha watu juu ya dari akasema wameshaondoka, na Waebrania 11 inamtaja kati ya watu wa imani.

Kijana_Birere
Mimi sikubali. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa mtoto wa Goma hii hii, kazi yake ukaguzi wa bidhaa kwenye OCC, ofisi ya serikali. Mwaka 2007 walimletea pesa ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, wakamteka wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 tulikaa kwenye simu tukifuata anavyotangazwa Mwenye Heri huko Roma. Huyo alikufa kwa sababu hakutaka sahihi yake iseme uongo. Wewe yako umeitoa asubuhi moja tu mlangoni. Samahani papa, lakini tusiite kila woga hekima.

Mzee_Kadutu
Mdogo wangu wa Birere, heshima kwanza, halafu hoja. Floribert alijiuliza chakula kile kitaingia tumboni mwa nani. Karatasi ilikuja nyuma ya hapo. Angesaini, watu wangekula sumu. Shemasi naye angeandika ile kazi ya zamani, kijana angechukuliwa. Mmoja alikataa kusaini, mwingine alisaini, na wote wawili walikuwa wanamkinga mtu asiyekuwa na nguvu. Kiswahili chetu kina mchezo hapa: sahihi ya jina, na jambo lililo sahihi. Si kila siku vinakaa ukurasa mmoja.

Lakini usijifariji haraka, shemasi. Sisi Bukavu tuliona wakati waasi wa RCD wanatawala. Askofu Mkuu Kataliko aliandika wazi barua ya Noeli 1999, na Februari 2000 wakamzuia kurudi Bukavu, akakaa Butembo miezi saba. Kabla yake Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa Nyawera, hapo hapo Bukavu, Oktoba 1996. Hao walisema mchana. Wewe umesema kwa kificho, na pengine kwa mtu wa nyumba kumi haiwezekani vingine, sikulaumu. Ila kificho kina ugonjwa wake: leo unaandika uongo ili uokoe, kesho kuna mtu anakuja na bahasha ili umwandikie uongo wake. Nakuuliza kama mkubwa wako: yule mjane alikupa kitu?

Shemasi_Goma
Mzee, umegusa penyewe. Siku ya pili alileta mkungu wa ndizi. Nilisema hapana, mke wangu akawa ameshaupokea. Watoto wamekula nusu.

MamaZawadi
Basi rudisha, papa. Si kwa ubaya. Asije akafikiri ameshalipa, wala wewe usifikiri hivyo. Na jirani wa pili asisikie kwamba kwako kuna bei.

Kijana_Birere
Hapo nakubaliana na mama. Ya daftari bado sijakubali.

Mwalimu_Kyeshero
Daftari libaki naye. Siku watakapomwambia yeye mwenyewe ataje mtu wa kuchukuliwa, hapo aliweke mezani atoke.

Shemasi_Goma
Nimetoka kwa yule mama sasa hivi. Nusu ya mkungu nisingeirudisha, nimempelekea kifuko cha makala ya kupikia. Alicheka, akauliza kama ndizi zilikuwa mbaya. Kijana hakuwepo. Ile sindano ilikuwa juu ya jiwe, na viatu vitatu vya watu wengine vimepangwa pembeni.