Kwa nini bunduki za askari wa Mjerumani zilitoa moshi kule Bukoba?

Mkazi wa Kirumba aliuliza:
Shikamooni wakubwa. Marehemu babu yangu, mzaliwa wa Bukoba, alitusimulia habari alizozipokea kwa wazee wake, kwamba Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu na kuushambulia mji ule Juni 1915, maficho ya askari wa Mjerumani yalijulikana upesi, kwa kuwa kila bunduki ilipolia wingu jeupe lilipanda juu ya migomba. Nashangaa, maana Mauser, bunduki ya Wajerumani, ilisifika duniani kote. Je, simulizi hii ina ukweli?

Mstaafu, Nyegezi:
Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako hakukosea. Mauser hazikuwa za aina moja, na kombania nyingi za askari ziliingia vitani zikiwa na ile ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11 na inayotumia baruti nyeusi. Baruti hiyo haiungui yote. Sehemu kubwa hugeuka moshi na masizi, na masizi huganda ndani ya mtutu, kama anavyojua kila mwenye gobole huku Usukumani. Ndiyo sababu mafundi wa zamani hawakuthubutu kuufanya mtutu kuwa mwembamba: ungeziba mapema mno.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8. Hapo mambo yakafuatana. Mtutu ulipopungua, kasi iliongezeka. Kasi ilipoongezeka, kichwa cha madini laini ya risasi kilianza kuchunika ndani ya mtutu, ikabidi kivikwe madini magumu zaidi. Na kwa kuwa msukumo wa gesi nao ulipanda, Mauser ya 1898 iliwekewa komeo linaloshikwa na meno mawili imara upande wa mbele. Kichwa cha risasi ya 1871 kilikuwa na gramu 25 na kilitoka kwa mita 430 hivi kwa sekunde, ilhali kile chenye ncha kali cha bunduki ya 1898 kilikuwa na gramu 10 na kilikaribia mita 880.

Mwalimu, Ukerewe:
Mzee wangu, kwa heshima zote, baruti haielezi kila kitu. Mauser ya 1898 ilikuwa na urefu wa mita 1.25 na ilibeba risasi tano, lakini Waingereza, baada ya vita vyao na Makaburu, walitengeneza Lee-Enfield fupi ya mita 1.13 hivi, yenye risasi kumi, itumiwe na askari wa miguu na wa farasi vilevile. Hapo kilichobadilisha umbo ni mahitaji ya mbebaji. Ajaribuye kupita kwenye matete na bunduki ndefu atanielewa.

Mkazi wa Kirumba:
Nashukuru. Je, hii tunayoisikia katika taarifa za polisi ikiitwa SMG inatokana na hizo?

Mstaafu, Nyegezi:
Hiyo ni Kalashnikov. Jina la SMG (kifupi cha Kiingereza, submachine gun) limezoeleka hata jeshini, ingawa kwa maana yake halisi ni la silaha inayotumia risasi za bastola. Bunduki ya Kalashnikov ya 1947 hutumia risasi ya wastani, iliyo kati ya ile ya bastola na ile ya bunduki ndefu, ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 39. Wajerumani walitangulia kwa bunduki yao ya StG 44 katika Vita Kuu ya Pili, baada ya kuona kwamba mapigano mengi hufanyika ndani ya mita 400, hivyo askari alikuwa akibeba uzito na kuvumilia teke la begani bila faida. Ganda likafupishwa kutoka milimita 57 hadi 33, baruti ikapungua, na bunduki ikaweza kupiga mfululizo bila kumshinda mshikaji. Mwalimu naye nampa haki yake, kwa kuwa safari hii mahitaji ya askari ndiyo yaliyotangulia na baruti ikafuata. Ila kipenyo cha mtutu walikiacha vilevile, ili mitambo ya viwandani isilazimike kubadilishwa katikati ya vita.