Pampu ya duara inaua sili kila baada ya wiki chache, nichukue ipi?

MwanaDuara
Habari za leo wakuu. Nina duara (shimo la kuchimba) la dhahabu huku Geita, na tangu mvua zianze maji yamekuwa mengi. Natumia pampu ya kuzamisha ya fezi tatu, kilowati 5.5, shafti ya milimita 28, umeme wa jenereta. Tangu Januari nimebadilisha sili, ile yenye nyuso mbili zinazosuguana kuzuia maji yasipite kwenye shafti, mara tatu. Wiki mbili au tatu zikipita, ukifungua tundu la oili inatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Mara ya pili nilichelewa kufungua, maji yakapita mpaka kwenye mota, nikagharamia kuwaindi upya, yaani kusuka upya nyaya za mota.

Ninazofunga ni za kaboni na seramiki, ndizo zinazopatikana hapa. Duka moja wanasema nichukue yenye raba ya Viton. Jingine wanasema silikoni kabaidi, na bei yake ni mara nne. Kuna vijana sita wanaotegemea duara hili, likijaa maji hakuna anayeshuka. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela tena.

Kibo77
Pole mkuu. Chukua silikoni kabaidi, usiangalie bei. Maji ya duara yana mchanga wa kwatzi, kwa kaboni ni msasa ule.

FundiPampu
Pole sana ndugu yangu. Kibo amesema kweli, ila usinunue bado. Zile sili tatu umezitupa? Kama ipo hata moja, ifute kwa kitambaa laini, uimulike kwa tochi kwa ubavu, uangalie uso wake. Ukiona mistari ya mzunguko mingi, ni tope. Ukiona nyufa zinazotoka katikati kwenda nje kama miale ya jua, pampu ilizunguka bila maji, nyuso zikapata moto. Na kama alama kwenye ule uso mpana ni pana kuliko uso mwembamba unaoukalia, basi shafti inayumba, na hapo hakuna sili ya bei yoyote itakayokaa.

Pampu yako kwa kawaida ina sili mbili, na katikati yake ni chemba ya oili. Ya juu, upande wa mota, inaishi ndani ya oili, kwa hiyo kaboni inaifaa kabisa. Ya chini ndiyo inayopigana na tope, na hiyo iwe kabaidi kwa kabaidi, nyuso zote mbili. Wengi wanafunga kabaidi upande mmoja na kaboni upande wa pili, chembe za mchanga zinazama kwenye kaboni na kazi inarudi pale pale. Ila ujue kabaidi kwa kabaidi haivumilii kukaushwa. Weka boya la kuzima pampu maji yakipungua.

Springi iwe moja kubwa. Zile springi ndogo ndogo nyingi tope linazijaza, zinaganda, uso unashindwa kusogea.

Mama Pampu Moro
Nauza vipuri hivi, niseme kuhusu raba. Viton inalipa kwenye joto kali na kemikali. Maji yako ni ya baridi, raba ya naitraili inatosha, na inapatana na oili. Ukiuziwa raba ya EPDM ikatae, ikiguswa na oili ya kawaida inavimba. Hela ya Viton iongezee kwenye kabaidi.

MwanaDuara
Nashukuru sana. Mbili zilikuwa kwenye kopo la misumari, nimezisafisha jana usiku. Mistari ipo mingi, ukipitisha ukucha unakwama. Lakini FundiPampu, uso wa kaboni una milimita 3, na alama kwenye seramiki nimepima kwa kalipa inakaribia 4. Nikaishika impela, lile gurudumu linalosukuma maji, nikaitikisa kwa mkono, inacheza. Naisikia kabisa, tik tik.

FundiPampu
Basi umepata jibu. Beringi zimekwisha, na huenda zilianza kufa ile siku maji yalipoingia kwenye mota. Aliyewaindi angebadilisha pale pale, ni kosa kubwa kurudisha beringi zilizokunywa maji. Funga mpya juu na chini, kisha weka dayo geji (kipimo chenye mshale) karibu na mahali sili inapokaa, uzungushe shafti taratibu. Mshale usizidi milimita 0.05. Ukizidi, shafti imepinda, ipeleke kwa mkereza vyuma.

Jambo la jenereta. Kila mkihamisha nyaya, hakikisheni pampu inazunguka upande sahihi kabla ya kuzamisha. Sili yenye springi ya koni ina mkono, ya kulia au ya kushoto. Pampu ikizunguka kinyume, springi inalegea kwenye shafti.

Nahodha_K
Kwa atakayesoma uzi huu akiwa pwani: kwenye maji ya chumvi chuma cha springi nacho kiangaliwe. Chuma kisichoshika kutu cha 304 kinatobolewa, cha 316 kinastahimili zaidi, lakini nacho kinaliwa kwenye nafasi finyu maji yasipotembea. Mimi huwa naomba springi ya Hastelloy, aloi ya nikeli.

Mama Pampu Moro
Wakati wa kufunga, usiguse nyuso kwa vidole. Paka raba maji ya sabuni ipite bila kuchanika. Oili usijaze mpaka juu, acha nafasi ya kutanuka. Kabla ya kuzamisha, ingiza upepo kwenye chemba, baa 0.5 tu, upake povu uangalie.

FundiPampu
Na kagua pale waya unapoingilia. Siku ukikuta maji kwenye mota huku oili ni safi, usilaumu sili, yamepita kwenye waya.

MwanaDuara
Nimefungua pale kwenye waya, raba yake ni ngumu kama mbao, nayo nabadilisha. Beringi na kabaidi nimeagiza Mwanza, zinafika Jumatano. Nitafungua tundu la oili baada ya siku 3 za kazi nilete picha hapa.