Re: Babu aliyekuja kwa meli kutoka Kutch – nianze na karatasi gani?

Leicester:

Salaam kwenu nyote. Familia nyingi humu zina babu aliyetoka Kutch au Kathiawar, huko Gujarat magharibi mwa India, akashukia Unguja, akahamia Mombasa au Dar na kufia huko. Je, kuna orodha za abiria za meli za Bombay–Unguja kabla ya 1914? Kama hazipo, mtu mwenye jina la babu, jina la baba yake na mji aliofia tu, aanzie wapi?

Toronto:

Ndugu yetu wa Leicester, meli iache mwisho kabisa. Wengi huanza nayo kwa kuwa ndiyo inayosimuliwa nyumbani, wakapoteza miezi. Anza na kifo, uende kwenye mirathi, kisha ardhi. Mtu alipoteremka gatini mwaka 1890, hakuna aliyekuwa na haja kubwa ya kuandika jina lake. Alipokufa ameacha duka na nyumba, wadai na warithi wote walihakikisha limeandikwa.

Kabla hujaandika barua hata moja, kaa na wazee mpange jina. Kwa watu wa Kutch na Gujarat jina la pili mara nyingi ni la baba, si la ukoo. Chukueni Alidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki 1916: Visram ni baba yake, na mwanawe aliitwa Abdulrasul Alidina Visram. Kizazi kinachofuata kinaweza kushika Alidina au Visram kama jina la ukoo, na ndugu wawili wa damu wakaishia na majina tofauti kwenye pasipoti. Halafu ziko tahajia za makarani: Alidina, Allidina, Jivanji, Jiwanji, Jeevanjee, Hirji, Hirjee, Mohamed, Mahomed. Ziandike zote kwenye karatasi moja, maana utazitafuta moja moja.

Cheti cha kifo: Tanzania Bara ni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, Kenya ni ofisi za usajili wa raia. Daftari hufuata mahali mtu alipofia, si alipoishi. Mtu wa Malindi aliyefia hospitalini Mombasa atafutwe Mombasa. Kwenye ombi taja jina lote, jina la baba, mji, dini na jamati (jumuiya ya kidini) yake, na upana wa miaka mitano. Ukiandika mwaka mmoja tu, karani atafungua mwaka huo, akose, na jibu litakuwa "hayupo".

Kwa vifo vya zamani uwe tayari kukosa cheti. Hapo nenda kwenye Gazeti la Serikali. La Afrika Mashariki ya Waingereza lilianza 1899, ndilo lililokuja kuwa Kenya Gazette, na matoleo mengi yako Google Books bure. Humo kuna matangazo ya mirathi: jina la marehemu, alikoishi, mara nyingi tarehe aliyofariki, na nani ameomba usimamizi na ni nani wake. Usitafute kwa jina peke yake, maana kompyuta inayosoma kurasa chakavu hugeuza herufi ovyo. Tafuta neno probate (mirathi kwa Kiingereza) pamoja na jina la mji, kisha soma kwa macho yako matoleo ya miaka mitatu baada ya kifo. Ukikosa, endelea mbele hata miaka ishirini. Warithi wengi hawakufungua mirathi mpaka siku nyumba ilipotaka kuuzwa.

Tangazo litakupa namba ya shauri na mwaka. Kwa namba hiyo waandikie Mahakama Kuu na pia Nyaraka za Taifa za Kenya, kwa sababu faili inaweza kuwa upande wowote. Faili ikipatikana, omba kila ukurasa, si hukumu tu. Mali iko kwenye orodha ya mali, na huko ndiko kwenye namba za viwanja. Lakini uzito wote uko kwenye kiapo cha warithi: mke wa pili yuko wapi, watoto wana umri gani, na mara nyingine jina la kijiji cha Kutch alikobaki mama yao. Kijiji hicho ndicho unachokitafuta. Bila kijiji, kumtafuta mtu India ni kubahatisha.

London:

Naongezea upande wa meli, kwa sababu watu hulipia tovuti za nasaba bila kujua wananunua nini.

Orodha za abiria zilizoko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, ni mafungu mawili: BT 26 kwa walioingia Uingereza (1878–1960) na BT 27 kwa waliotoka (1890–1960). Zinahusu meli zilizogusa bandari za Uingereza zikitoka au zikienda nje ya Ulaya na Mediterania. Meli ya Bombay–Mombasa haikugusa Uingereza, basi abiria wake hawamo. Kwa hiyo babu wa 1895 hutampata huko hata ulipie usajili wa mwaka mzima. Utakaowapata ni wanawe na wajukuu waliokwenda London kusoma au kutibiwa miaka ya 1920 hadi 1950 kwa meli za makampuni ya Union-Castle au British India. Hizo zina faida yake: umri, kazi, na mara nyingi anwani ya mwenyeji wake. Mke huandikwa kwa jina la mume, kwa hiyo mtafute mume. Fungu linaishia 1960, na waliokuja kwa ndege baadaye hawamo kabisa.

British India ilianza kupeleka barua na abiria Aden–Unguja mwaka 1872. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wengi walikuja kwa jahazi na msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Jahazi halikuacha orodha ya abiria ya kutafutia. Basi simulizi ikisema babu "alifika Julai kwa jahazi kutoka Kutch", kuna kitu kimechanganywa: Julai ni kusi, na majahazi ya Bara Hindi hayaji kwa kusi.

Jingine: si kila Mhindi wa zamani alijenga reli. Vibarua wa mkataba wa reli ya Uganda walikuwa kama 32,000, wengi wao Wapunjabi, kati ya 1896 na 1901, na waliobaki Afrika Mashariki baada ya mkataba ni kama 6,700. Mfanyabiashara wa Kutch kumtafuta kwenye karatasi za reli ni kupoteza muda, hata kama hadithi ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli inapendeza mezani.

Dar es Salaam:

Kwa ardhi ya Bara, usiende ofisi za Ardhi na jina tu. Daftari limepangwa kwa namba ya hati (C.T. No.) na jalada la Ofisi ya Ardhi (L.O. No.). Ukiwa na mojawapo, au namba ya kiwanja na kitalu kutoka kwenye faili la mirathi, unaomba upekuzi kwa msajili wa hati wa kanda husika. Upekuzi utakupa mmiliki na miamala iliyosajiliwa. Jalada la L.O. ndilo lenye barua, ramani na sahihi, na huombwa peke yake. Wengi hulipia upekuzi wakadhani ndio yote.

Kwa nyumba za enzi ya Wajerumani kuna majalada ya mfululizo wa G kwenye Nyaraka za Taifa hapa Dar. Mwandiko ni ule wa Kijerumani cha zamani, na hata Mjerumani wa leo asiyejifunza mwandiko huo hausomi.

Mkifika 1971 jina la familia linaweza kukatika ghafla. Ni sheria ya kutwaa majengo ya mwaka ule: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa sababu hiyohiyo, andika wazi kwenye barua yako kwamba unatafuta historia ya familia na hudai mali. Barua ya mgeni kutoka ng'ambo inayouliza kiwanja cha babu huonekana ni madai, na jalada huenda kwa mwanasheria likakaa.

Muscat:

Kwa Unguja njia nyingine ni wakfu. Kama babu aliweka nyumba au shamba wakfu kwa kizazi chake, ni lazima wanufaika wajulikane, kwa hiyo karatasi zake huwa na mti wa familia uliokwisha kuandikwa. Uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani.

Hati za mauzo za zamani ziko kwa Kiarabu na hazitaji namba ya kiwanja. Zinataja mipaka kwa majina ya majirani. Usipomwona babu, mtafute jirani yake. Angalizo kubwa: hati nyingi ni za bei ya khiari. Karatasi inasema Mhindi kanunua shamba la mikarafuu, kumbe ni mkopo, na mwenye shamba ana haki ya kulikomboa akirudisha fedha. Soma mpaka mwisho utafute muda wa khiari kabla hujaandika kwamba babu alikuwa na shamba Pemba.

Tarehe za Hijria: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. 1320 inakuja 1902. Unaweza kukosea mwaka mmoja, basi ukiwa na mwezi tumia jedwali.

Leicester:

Shukran sana wakubwa. Swali moja la mwisho: daftari la duka la Kikutchi lina tarehe ya mwezi wa Bhadarvo 1950, kwa kalenda ya Kihindu ya Samvat. Hiyo ni 1893 au 1894?

Toronto:

Inategemea limeandikiwa wapi. Kwa hesabu ya Gujarat mwaka wa Samvat huanza baada ya Diwali, basi Bhadarvo 1950 ni Agosti au Septemba 1894. Kutch mwaka huanza mwezi wa Ashadh, Juni au Julai, miezi kama minne mapema, kwa hiyo Bhadarvo hiyohiyo ni 1893. Angalia ukurasa namba inapobadilika kutoka 1949 kwenda 1950. Ikibadilika Ashadh, aliyeshika kalamu alihesabu kwa Kutch, na tarehe zote za Ashadh hadi Diwali kwenye daftari hilo zirudishe mwaka mmoja nyuma ya hesabu ya Gujarat.