Wauza watoto wa mbwa, acheni kutuambia "yuko tayari kusafiri" wakati mnajua hawezi kuvuka mpaka!

Wakuu, leo povu linanitoka. Na kama wewe ni muuzaji, soma mpaka mwisho kabla hujaanza kujitetea.

Tangazo lilisema hivi: mtoto wa mbwa, wiki 8, chanjo zote, kitabu cha chanjo kipo, yuko tayari kusafiri nchi yoyote. Nikauliza mara mbili kama kweli anaweza kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, nikaambiwa "hakuna shida boss, tunasafirisha kila siku". Nikalipa.

Nikakipeleka kitabu kwa daktari wa mifugo anayeandaa nyaraka za wanyama wanaosafiri. Daktari hata hakumtazama mbwa mwenyewe. Alifungua ukurasa wa chanjo, akaweka kidole kwenye stika ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akakishusha taratibu hadi kwenye stika ya chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa), akasoma tarehe zote mbili kwa sauti. Chipu imewekwa siku kadhaa baada ya sindano. Akafunga kitabu. "Hii chanjo haihesabiki. Tunaanza upya."

Sasa nawauliza nyinyi mnaosafirisha "kila siku": hamjui kwamba chipu inatangulia? Inawekwa kabla ya chanjo, au siku ileile, basi. Ina namba ya tarakimu 15 inayothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama mpakani. Ukichanja kwanza, umechanja mbwa asiyejulikana. Halafu kwa Ulaya, chanjo ya kichaa cha mbwa inahesabika mbwa akiwa ametimiza angalau wiki 12. Huyu wangu alidungwa kabla ya hapo. Kwa hiyo hata chipu ingetangulia, sindano ile ilikuwa bure.

Baada ya chanjo ya kwanza inayokubalika, unasubiri siku 21. Piga hesabu mwenyewe: wiki 12 na wiki 3 ni 15. Na hiyo ni kwa wenye bahati, wanaotoka nchi zilizomo kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zilizolegezewa masharti ya kichaa cha mbwa. Nchi ikiwa nje ya orodha, damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, inapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, kingamwili (kinga ambayo mwili umejenga dhidi ya ugonjwa) zifike angalau uniti 0.5 kwa mililita, kisha unakaa miezi 3 mingine kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Mbwa anafika akiwa na takriban miezi 7. Huyo si "mtoto wa wiki 8" tena, huyo anaota meno ya kutafuna sofa.

Kanuni zenyewe sina ugomvi nazo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mara ni kifo, kwa mnyama na kwa mtu. Nchi ikiamua kujilinda, ina haki. Marekani tangu tarehe 1 Agosti 2024 haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6. Japani, kwa mbwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, inataka chanjo mbili, kipimo cha damu na kusubiri siku 180. Yote yameandikwa wazi kwenye tovuti za serikali zao. Anayeficha ni huyu anayepokea hela.

Na mawakala wa kusafirisha mbwa msijifiche nyuma ya wauzaji. Niliyempigia kwanza hakuuliza umri wala tarehe ya chipu, aliuliza vipimo vya kreti (sanduku la kusafirishia mbwa) tu! Kreti ni muhimu, mbwa lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala, sawa. Lakini kreti nzuri haimpitishi mbwa asiye na chanjo halali. Anaweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini, na bili inakuja kwa mwenye mbwa.

Wa pili ndiye aliyenimaliza kabisa. Akaniambia tarehe ya chipu "inarekebishika", nimpe kitabu na kitu kidogo. Yaani nighushi hati ya afya ya mnyama halafu nikasimame nayo mbele ya ofisa wa forodha? Ikigundulika, jina kwenye makaratasi ni langu, yeye hayupo.

Muuzaji nilimwandikia nikitaka gharama ya chanjo mpya na kipimo cha damu. Kajibu, "mbwa alikuwa mzima nilipokukabidhi". Nani kasema mgonjwa? Tangu hapo, ujumbe anasoma, hajibu.

Kuna mtu humu amewahi kurudishiwa pesa kwa kesi ya namna hii? Alishtaki wapi, na alitumia ushahidi gani? Tangazo nimelihifadhi, na mazungumzo yote ninayo. Wa "mkuu ungechukua mbwa wa kienyeji tu", pita kimya kimya, leo sina muda.